Mji wa Boila Moja

Kwa miaka ishirini na kidogo nilipanda ngazi za meli ambazo si zangu, nikauliza watu wameamkaje, kisha nikashuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika kituo chetu cha mabaharia hapa Durban, na mwezi uliopita niliikabidhi. Siku ya kuagana mlinipa saa ya ukutani. Nilishukuru, ingawa mtu aliyestaafu hana haja kubwa ya kujua ni saa ngapi. Mkaniomba niwaandikie niliyojifunza. Mambo ya vyeo nayaacha, havikuwa vingi. Nitakaa zaidi kwenye meli moja, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi, na kwa sababu pale nilimshawishi mtu afanye jambo la haki, na jambo hilo likammaliza.

Nianze na Kirusi, maana bila Kirusi msingenijua. Mimi ni mtu wa Tanga. Nikiwa msichana nilipata nafasi ya kwenda Odessa kusomea uendeshaji wa bandari. Nilipofika kule ilikuwa nchi moja kubwa. Nilipomaliza zilikuwa nchi kumi na tano, na cheti changu kilikuwa na muhuri wa ile ambayo haipo tena. Niseme mapema kwamba siililii. Nilikaa bweni moja na wasichana ambao walikuwa wakifungulia bomba kwanza ndipo waseme jambo la maana, ili anayesikiliza ng'ambo ya ukuta asikie maji tu. Wakati wote tuliambiwa kila kitu ni chetu sote. Mkate wenyewe tulipanga foleni.

Nyumbani Tanga hakuna aliyehitaji Kirusi. Mume wangu alikuja Durban kuuza nguo, nami nikamfuata, nikapata kazi ya kupokea simu hapa kituoni. Siku moja akaingia baharia ameshika shavu, jino linamuua, anasema na ukuta kwa sababu hakuna aliyemwelewa. Nikamjibu. Jumatatu iliyofuata nilipewa helmeti na buti zinazonizidi namba mbili, nikaambiwa nipande garini.

Dereva wa gari lile alikuwa Mzee Yusuf, na ndiye mwalimu wangu. Alikuwa Mzanzibari wa Chatsworth, mmoja wa wale ambao mababu zao waliletwa Natal zamani, na ambao yeye akiwa kijana serikali ya wakati ule iliwang'oa Bluff, upande wa pili wa bandari, ikawapeleka Chatsworth. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake, kimeungwaungwa na Kizulu. Siku ya kwanza, chini ya ngazi ya meli ya makaa, aliniambia, "Mwanangu, usiwaulize kama wamekula. Kila mtu atakwambia amekula, hata mimi. Omba kuona pipa la taka la jikoni."

"Na wakinikatalia?"

"Basi wameshakujibu. Halafu tazama nguo walizoanika. Zikiwa na rangi ya kutu, maji ya tangi yamefika chini kabisa. Nahodha anaweza kudanganya. Shati haliwezi."

Nimefanya kazi na maofisa wenye shahada mbili ambao hawakuwahi kunipa kitu chenye manufaa kama hicho.

Mkobani nilibeba kadi za simu, tochi, kofia za sufu zilizofumwa na akina mama wa Glenwood, kamusi, na fomu ya malalamiko. Fomu ile mnaijua. Mabaharia wakisaini, wakubwa wa bandari wanaweza kupanda melini, kukagua, na kulazimisha chakula na maji yaletwe. Wasiposaini, meli ni nyumba ya mtu, na huwezi kuvunja mlango wa mtu kwa sababu tu unahisi ndani kuna njaa.

Meli ninayotaka kuwaelezea iliitwa Kristina. Ilikuwa meli ya zamani ya kubebea samaki wa barafu, imeingia bandarini na injini mbovu, na tangu iingie mwenye meli hakupokea simu ya mtu. Kristina lilikuwa jina la binti yake. Chini ya rangi bado zilionekana herufi za chuma zilizochomelewa zamani, jina la kwanza, neno la Kirusi lenye maana ya ushirika. Hakuna aliyejisumbua kuzikata. Rangi ni rahisi kuliko gesi ya kukatia.

Nahodha, Gleb Petrovich, alinipokea kwa heshima zote. Kwa desturi yao alinipa jina la baba yangu mgongoni: Salma Omarovna. Alinikaribisha chai isiyo na sukari na kuniambia mambo yote ni mazuri, wanasubiri kipuri tu. Walikuwa kumi na tisa. Nilizungumza nao mmoja mmoja, na kila mmoja alisema maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, kama darasa linalokariri.

Nikaomba kuona pipa la taka. Mpishi alimtazama nahodha kabla ya kunifungulia. Ndani mlikuwa na mifupa ya samaki wadogo, wale wanaovuliwa kando ya gati, kwenye maji yenye mafuta ya meli. Meli iliyojengwa kubeba samaki kwa maelfu, na watu wake wanavua uchafu kwa uzi na ndoano. Nyuma, nguo walizoanika zilikuwa za rangi ya matofali.

Niliporudi mara ya tatu serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitahani, alikuwa amelala amejikunja, anakojoa damu. Nahodha alisema ni mafua. Nilitoa fomu mezani, nikawaambia wote kwa pamoja kwamba hii ni Afrika Kusini, hakuna wa kuwagusa hapa, kila anayesaini analindwa na sheria. Walitazama fomu ile kama watu wanavyotazama nyoka aliyelala. Mmoja tu alicheka, mhandisi wa pili, mtu mrefu wa miaka hamsini hivi aliyeitwa Anatoli. Alinifuata mpaka kwenye ngazi.

"Salma Omarovna, unajua mji wetu unapata joto kutoka wapi?"

Nikamwambia sijui.

Akanieleza, taratibu, kama anayemweleza mtu njia. Mji wao ni mdogo, uko pwani, na tangu mwanzo ulijengwa na shirika moja la samaki. Shirika ndilo lililojenga magorofa, hospitali, chekechea, ukumbi wa sinema. Na shirika ndilo lililokuwa na boila, moja tu, kubwa kama msikiti, linalochemsha maji yanayopita kwenye mabomba hadi kwenye radieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha joto kila chumba. Kule bila radieta mtu hamalizi majira ya baridi.

"Zamani," alisema, "kulikuwa na chama, na chama hukukigusa. Lakini mkurugenzi wa shirika alikuwa mwajiriwa kama mimi. Boila likizimika, mke wangu alikuwa anaenda ofisini kwake kumfokea, na yeye anaogopa asije akashtakiwa Moscow. Kisha wakatugawia vipande vya karatasi. Wakasema shirika sasa ni lenu, kila mtu na hisa zake. Ikaja baridi, hakuna mshahara. Mkurugenzi akawatuma watu na lori, wananunua zile karatasi kwa mfuko wa sukari na chupa ya mafuta ya kula."

"Na wewe uliuza?"

"Wote tuliuza. Hisa hailiki."

Kwa hiyo mkurugenzi yule yule akawa mwenye meli, mwenye viwanja, mwenye boila. Akanunua gazeti la mji. Hakimu anaishi kwenye nyumba aliyompa. Akagombea umeya akashinda.

"Aliiba kura?" nilimwuliza.

Anatoli akafikiri. "Hapana," alisema. "Hakuhitaji kuiba."

Vera, mke wa Anatoli, alikuwa mpishi wa chekechea, na chekechea ilikuwa ya meya. Mama yake serahangi alilazwa hospitali ya meya. Ndiyo maana watu kumi na tisa wenye njaa, umbali wa bahari mbili kutoka kwao, hawakuthubutu kushika kalamu. Mimi nilikuwa nimesoma miaka mitano katika nchi ile, na nilidhani nimeielewa kwa sababu nilijua sarufi yake.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Nilikuwa nimeshaelezwa kila kitu, wazi kabisa, na bado nilimsukuma. Nilimwambia, "Serahangi atakufa kabla ya Ijumaa." Nilimwambia, "Mtu mmoja anatosha kwa sheria." Yote mawili yalikuwa kweli. Anatoli aliinamia reli ya meli. Kisha akasema, "Lete," akasaini juu ya goti lake.

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Wakubwa wa bandari walipanda siku ile ile. Serahangi alipelekwa hospitali na figo lake likaokolewa. Lori la maji likaja, na magunia ya mchele, na nyama. Mzee Yusuf aliwatazama wale watu wakila sitahani, wamesimama, akageuza uso.

Wiki iliyofuata wakaitwa kwenye ofisi ya bandari kuthibitisha malalamiko. Nilikaa katikati kama mkalimani. Mezani kulikuwa na sahani ya biskuti ambazo hakuna aliyezigusa. Ofisa aliuliza mmoja mmoja, na mmoja mmoja alijibu kwamba chakula kilikuwepo, maji yalikuwepo, na mhandisi Anatoli ana ugomvi wake binafsi na nahodha. Nilitafsiri. Mara kumi na sita nilitafsiri. Akafika serahangi, bado ana mkanda wa hospitali mkononi.

"Ulikuwa mgonjwa?" ofisa aliuliza.

"Nilikuwa mzima," alisema serahangi, akitazama meza. "Mafua tu."

Ofisa alinigeukia. "Una hakika ndivyo anavyosema?"

Mkalimani hana maneno yake. Mlifundishwa hivyo, na ni mimi mwenyewe niliyewafundisha. Nikajibu, "Ndiyo. Anasema alikuwa mzima."

Anatoli alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono juu ya magoti. Hakumtazama mtu.

Kwenye korido nahodha alinisubiri. Nilitaka kupita bila kusema naye, akanizuia kwa sauti ya chini. "Unaniona mtu mbaya, Salma Omarovna. Zamani nilikuwa mtu wa chama melini, niliandika ripoti za watu, na hukukosea kunidhania hivyo. Lakini mama yangu ana miaka themanini na mbili. Anakaa ghorofa ya nne. Wewe umeishi kule, unajua baridi yake." Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na ghafla kazi hiyo nayo ikawa ngumu.

Mwenye meli, baada ya kuona serikali ya nchi nyingine inaulizauliza, alituma mafuta na kipuri. Kristina iliondoka. Anatoli walimteremsha gatini na begi moja. Jina lake lilikuwa limeshafutwa kwenye orodha ya mabaharia.

Vera alifukuzwa chekechea kabla meli haijafika nusu ya safari. Kisha radieta za nyumba yao zikazimwa kwa matengenezo. Nyumba yao tu, kati ya nyumba arobaini za jengo lile. Matengenezo yalichukua majira mazima ya baridi. Ofisini wakamwambia yangekwisha haraka zaidi kama asingekuwa na mume. Akasaini talaka. Habari hizo Vera alinipa mimi kwa simu. Nilipomwambia Anatoli, alisema amefanya vizuri, kisha akaniuliza kama radieta zimewashwa. Zilikuwa zimewashwa.

Hakuwa na pa kurudi. Nilimpeleka ofisi ya wakimbizi, tukapanga foleni toka asubuhi katikati ya Wakongo na Waburundi, yeye peke yake mweupe, watu wanadhani ni mwandishi wa habari. Kijana wa dirishani aliuliza anakimbia nini. Vita? Hapana. Chama cha upinzani? Hapana. Dini? Hapana. Basi nini? Anatoli akasema, nami nikatafsiri, "Radieta." Kijana akatafuta kwenye fomu yake. Hakukuwa na kisanduku cha radieta.

Nilimpatia chumba Point, mtaa ulio karibu na bandari, nyuma ya saluni ya Mama Solange, mama wa Kikongo kutoka Likasi aliyekuwa akisuka nywele pale. Mwanzoni Solange hakumtaka. "Mzungu anakuja kukaa huku nyuma ya nini?" aliniuliza. "Mzungu wa kukosa pa kwenda, eko na shida kubwa, huyo. Ataniletea polisi."

Nikamsimulia habari za mji ule, shirika la samaki, hospitali, boila. Solange aliacha kusuka. Mteja akabaki na kichwa nusu.

"Kwetu Likasi ilikuwa vile vile, Mama Salma," alisema. "Kampuni ya shaba njo ilikuwa baba, njo mama. Nyumba ya kampuni, masomo ya kampuni, bunga ya kampuni kila mwisho wa mwezi. Kampuni ikianguka, tulibakia sawa watoto bila mzazi. Papa yangu alikuwa anavaa kofia yake ya kazi kila asubui, anaikala ku barza, anangojea sireni. Miaka mbili anangojea. Halafu bakubwa bakauzishiana migodi, na ule mwenye kununua, ni yeye njo anasema nani atakuwa chef, mukubwa wa mutaa." Akamtazama Anatoli, aliyekuwa amesimama mlangoni na begi lake bila kuelewa neno. "Mwambie aingie. Iko kitanda."

Anatoli alikaa pale miaka sita. Alitengeneza mashine za kukaushia nywele za saluni zote za mtaa ule, na simu, na feni. Alijifunza Kiswahili cha Solange, kwa hiyo alikuwa akiniambia "iko muzuri" kwa lafudhi ya Kirusi. Nilikuwa nampitia kila Alhamisi. Siku moja nilimwuliza kama ana hasira na wenzake waliomkana. Alikuwa anafungua skrubu, hakuinua kichwa.

"Serahangi ana watoto watatu shule ya meya," alisema. "Ningekuwa yeye ningesema vile vile. Usimhukumu mtu aliyenusurika."

"Na mimi?"

Skrubu ikatoka. Akaiweka kwenye kifuniko cha chupa pamoja na nyingine. "Wewe ulikuwa unafanya kazi yako," alisema, na sijawahi kuamua kama ule ulikuwa msamaha.

Alikufa kwa moyo, asubuhi, amekaa kwenye kiti chake cha kazi. Kwaya ya kanisa la Solange iliimba makaburini. Mzee Yusuf, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na anatembea kwa fimbo, alikuja kutoka Chatsworth kwa teksi mbili, akatupa udongo kiganja kimoja, akasema, "Huyu walimhamisha kama sisi. Yeye walimhamisha peke yake." Akaenda kukaa kwenye gari letu la kituo.

Ilibidi mimi nimpigie Vera. Nilimkuta nyumbani. Nilipomwambia, nilisikia redio ikipunguzwa upande wake.

"Kulikuwa na watu kwenye maziko?" aliuliza.

"Walikuwepo. Waliimba."

"Chumba alichokuwa anakaa, kilikuwa na joto?"

"Hapa kuna joto karibu mwaka mzima," nikamwambia.

"Basi vizuri." Kisha, kwa sauti ile ile, "Asante, Salma Omarovna. Usipige tena namba hii. Kampuni ya simu nayo ameshainunua."

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Nilizipanda meli za watu kutoka nchi zile nyingi, na nikaona si zote zilikwenda njia moja. Palipokuwa na viwanda vitatu au vinne mjini, na benki isiyo ya meya, mabaharia walikuwa wakinibishia, wanasaini, wanatukana, wanataka niwaitie mwandishi wa habari. Walikuwa watu wale wale, wamesoma vitabu vile vile. Waliotoka miji ya boila moja walikuwa wakikariri. Nilifika mahali naweza kukisia mji wa mtu ulivyo kabla hajataja jina lake, kwa namna anavyomtazama nahodha anapoulizwa kama amekula.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipanda meli moja gati la ndani. Mpishi, mtu wa makamo, alifungua friji mbele yangu kwa bahati mbaya, akaifunga haraka. Ndani kulikuwa na ndoo ya mchuzi mwepesi na taa ya friji, basi. Nilimwuliza ametoka wapi, akautaja mji ule wa Anatoli.

Nilikaa chini. Nikamwuliza kama meya bado yupo. Akasema mzee alishafariki, sasa ni mwanawe. Boila jipya limeletwa kutoka nje, linapasha vizuri sana, siku hizi unaweza kukaa na fulana ndani Januari nzima.

"Mnampigia kura?"

"Tunampigia."

"Hakuna mwingine anayegombea?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba mgeni ana tatizo la akili. "Wapo," alisema. "Lakini mwingine akishinda, nani ataliwasha?"

Fomu ilikuwa mkobani. Nilijua sheria, nilijua namba ya simu ya ofisa, nilijua hata namna ya kuweka sauti ili mtu ashike kalamu. Sikumwuliza kama anataka kusaini. Nilishuka, nikaenda na dereva sokoni, tukarudi na viazi, kabichi, vitunguu na mafuta, tukavipandisha kwa kamba. Mpishi alishukuru. Kesho yake meli iliondoka, na sikujua waendako kama watakula.

Kuna siku naona nilifanya la busara, kwamba nilimwachia mtu mke wake na nyumba yenye joto. Na kuna siku, hasa asubuhi hizi ambazo sina pa kwenda, naona kwamba meya yule amefaulu kuninyamazisha na mimi, mwanamke wa Tanga niliyeko Durban, ambaye sijawahi kukanyaga mji wake.